Tofali Linalovunjika, Mwamba Usiorudi

Mwaka 1976 kampuni ya Atari ya Marekani ilipeleka kwenye kumbi za burudani gemu ambayo maelezo yake yanakwisha kwa pumzi moja. Juu ya skrini kuna safu nane za matofali. Chini kuna kibao kinachosogea kushoto na kulia. Kati yake kuna mpira. Mpira ukigonga tofali, tofali linatoweka na mchezaji anahesabiwa alama. Mpira ukimponyoka, amepoteza. Gemu hiyo iliitwa Breakout. Wazo lilitoka kwa Nolan Bushnell na Steve Bristow, na mfano wa majaribio uliundwa na vijana wawili, Steve Jobs na Steve Wozniak, ambao mwaka huohuo wa 1976 walianzisha kampuni ya Apple. Skrini yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe; rangi za matofali zilitokana na vipande vya plastiki vilivyobandikwa juu ya kioo.

Takriban nusu karne imepita, na tofali la kuvunja halijaondoka kwenye gemu. Limebadilika sura tu: limekuwa sanduku, pipa, chungu, ukuta wenye ufa, barafu, jabali. Kijana anayecheza kwenye simu yake akiwa Sahare au Chumbageni, mjini Tanga, na mwenzake aliyekaa kwenye kibanda cha gemu huko Pangani, wote wameizoea kanuni yake bila kufundishwa darasani: kitu kikiwa njiani na kina dalili ya kuvunjika, kivunje, huenda ndani mna zawadi.

Kanuni hiyo inastahili mazungumzo marefu kidogo, na mahali panapofaa kuyafanyia ni Kigombe. Hiki ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Pangani, mashamba ya mkonge yakiwa nyuma yake na bahari mbele. Huko baharini kuna miamba ya matumbawe ambayo kwa miaka mingi ilivunjwa kwa baruti ili kuchukua kilichomo. Wavuvi wa baruti hawakujifunza kazi yao kwenye gemu. Uvuvi huo ulikuwepo katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, kabla Breakout haijazaliwa. Lakini swali lililoko kwenye skrini na lililoko kwenye mwamba ni moja: mtu aliyekutana na kizuizi chenye thamani ndani yake anapaswa kujua nini kabla ya kukipiga?

Mbunifu wa gemu anayeijua kazi yake, kila anapoweka tofali la kuvunjika njiani, ana maswali matatu ya kujibu. Mchezaji atalitambuaje? Akilivunja atapata nini, na atapoteza nini? Na likishavunjika, litarudi? Gemu kubwa za miaka arobaini na zaidi iliyopita zimetofautiana katika kuyajibu maswali haya, na majibu yenyewe yana akili nyingi kuliko wanavyodhani wazazi wanaoona mtoto anagongagonga kuta tu.

Swali la kwanza lilipata jibu lake maarufu mwaka 1985, Nintendo ya Japani ilipotoa Super Mario Bros., iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto pamoja na Takashi Tezuka. Hatua zake zilichorwa kwanza kwa mkono kwenye karatasi za miraba. Muda mfupi tu baada ya kuanza, mchezaji anakutana na sanduku linalometameta lenye alama ya kuuliza, likielea juu ya kichwa cha mhusika wake, Mario. Hakuna maandishi yanayomwelekeza. Anaruka, analigonga kwa chini, sarafu inachomoka kwa mlio mkali. Pembeni kuna matofali ya kawaida ya rangi ya udongo. Mario akiwa mdogo, akiyagonga yanatikisika na kutulia tena. Akishapata uyoga akawa mkubwa, matofali yaleyale yanapasuka na vipande vinatawanyika. Tofali halikubadilika, aliyebadilika ni mchezaji. Bila kusoma neno hata moja, mtoto wa miaka sita ameshafahamu kipi kinatoa, kipi kinavunjika, na yeye awe na hali gani ndipo kivunjike. Amejifunza kwa kutenda, mahali pasipo na shimo wala moto, kabla hajapelekwa penye hatari.

Mwaka uliofuata, 1986, kampuni hiyohiyo ilitoa The Legend of Zelda, na humo mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuta na majabali mengi yalificha mapango, lakini hayakuwa na dalili yoyote. Mchezaji alibeba mabomu machache, na ilimlazimu ajaribu huku na huku au asikie siri kutoka kwa mwenzake aliyetangulia. Toleo la mwaka 1991, A Link to the Past, likaja na adabu bora. Kuta nyingi zinazobomoka zikapewa ufa unaoonekana. Zaidi ya hapo, mchezaji akiugonga ukuta kwa ncha ya upanga, penye uwazi nyuma yake hutoa mlio tofauti na penye mwamba mzima. Anasikiliza kwanza, kama mnunuzi anavyoitikisa nazi sikioni kabla ya kutoa pesa, ndipo anatumia bomu lake. Kwa wasikilizaji wa redio jambo hili halihitaji kupambwa: waliotengeneza gemu hiyo waliliamini sikio la mchezaji, wakalipa kazi ambayo jicho peke yake lisingeiweza.

Swali la pili, la faida na hasara, lilijibiwa kwa ustadi na Bomberman, ya kampuni ya Kijapani Hudson Soft, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1983. Mchezaji yumo katika uwanja uliojaa matofali ya aina mbili: magumu yasiyotikiswa na chochote, na laini yanayobomoka. Silaha yake ni bomu linalolipuka baada ya muda mfupi, moto wake ukienda pande nne kwa umbo la msalaba. Katika toleo la mwaka 1985 la mashine ya Nintendo, nyuma ya tofali laini mojawapo kuna mlango wa kutokea, na nyuma ya jingine kuna kitu cha kumwongezea uwezo. Hata hivyo bomu halimjui mwenyewe. Asipowahi kujibanza nyuma ya tofali gumu, linamuua yeye aliyelitega. Na mlango ukishafichuka, ukapigwa bomu tena kwa pupa, maadui wapya wanamiminika kutoka mlangoni. Zawadi ileile iliyotafutwa inageuka kuwa adhabu, kwa sababu mchezaji hakujua wapi pa kuacha kulipua.

Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado iliyotolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978, ilikwenda hatua nyingine. Humo mchezaji ana ngome nne mbele yake za kumkinga na risasi za maadui wanaoshuka kutoka juu. Ngome hizo zinamegeka kila zinapopigwa. Risasi za adui zinazimega kwa juu. Risasi za mchezaji mwenyewe, akifyatua akiwa chini yake, zinazimega kwa chini. Anayefyatua ovyo huitoboa kinga yake kwa mkono wake, na adui anapokaribia hana tena pa kujificha. Msikilizaji na aishike picha hiyo ya ngome inayomegwa na mwenyewe, maana itahitajika mbele.

Swali la tatu ndilo linalopita kimyakimya. Katika Lode Runner ya mwaka 1983, iliyotungwa na Mmarekani Douglas E. Smith, mchezaji huchimba shimo kwenye sakafu ya matofali ili adui atumbukie, na baada ya sekunde chache shimo linajiziba. Katika Metroid ya mwaka 1986, matofali yaliyopigwa risasi hurudi mahali pake mchezaji akiwa bado anayatazama. Katika Super Mario Bros. tofali lililopasuka halirudi papo hapo, lakini Mario akifa na hatua ikaanza upya, kila tofali liko palepale, zima. Sababu zake zinaeleweka. Kumbukumbu za mashine za wakati ule zilikuwa finyu, na isingekuwa haki mchezaji akwame moja kwa moja kwa kosa la dakika ya kwanza. Gemu inamsamehe ili ajaribu tena, na katika kujaribu tena ndimo ujuzi unamopatikana. Kwa mchezo, msamaha huo ni mwema. Unaanza kuwa na walakini pale mkono uliouzoea unapohamia kwenye kitu kisichosamehe.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa matofali ya gemu yaliyofanya kazi nje ya skrini. Minecraft, iliyoanza kuchezwa hadharani mwaka 2009 na kutoka rasmi mwaka 2011, ni dunia iliyojengwa yote kwa vipande vya mraba ambavyo mchezaji huvivunja na kuvipanga apendavyo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba zaidi ya nakala milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Mwaka 2012 watengenezaji wake, Mojang, walishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi, katika mradi uitwao Block by Block. Wakazi wa mtaa hukaa pamoja mbele ya kompyuta, wanapewa mtaa wao ukiwa umejengwa kwa matofali ya Minecraft, kisha wanaonyesha kwa vitendo wanataka nini: njia ipite wapi, taa ikae wapi, ukuta gani utoke. Uwanja wa michezo wa Silanga, mtaani Kibera, ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Watu ambao hawakuwahi kushika kompyuta walibomoa na kujenga upya kwenye skrini kabla ya mtu yeyote kushika sururu. Hapo urahisi wa kuvunja na kurudisha ulikuwa na manufaa yake kamili: makosa yalifanyika mahali pasipogharimu kitu.

Sasa Kigombe. Bahari ya hapa ina vizuizi vyake, na historia inavijua. Mwezi Aprili mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipokuwa ukipanda kuelekea Mombasa, meli yake mojawapo, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya pwani hii karibu na Mtang'ata, eneo la Tongoni ya leo, kaskazini ya Kigombe. Maji yalipojaa ikaelea tena. Januari 1499, msafara ukirudi kutoka India huku mabaharia wengi wamekufa, hawakubaki wa kutosha kuendesha meli zote, na São Rafael ikachomwa moto kwenye pwani hiyohiyo. Mwamba wa Tanga ulikuwa kizuizi kwa mgeni asiyeujua. Kwa mwenyeji mwenye ngalawa, anayejua mlango uko wapi na maji yamekupwa kiasi gani, mwamba huohuo ni ghala na kinga.

Tena wenyeji wenyewe waliutumia kama tofali, kwa maana halisi ya neno. Magofu ya Tongoni, yenye msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, mengine ya nguzo, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe. Mafundi wa mwambao wa kale walikata baharini matumbawe mazito yakiwa bado mabichi na laini, wakayachonga vizuri kabla hayajakauka na kuwa magumu, wakayatumia mahali palipohitaji uso mzuri kama mihirabu na mapambo. Kazi hiyo ilikuwa ya mkono, ya kuchagua jiwe moja baada ya jingine.

Baruti haichagui. Mrushaji hufunga kilipuzi kwenye chupa au kopo, anawasha utambi, anatupa mahali alipoona samaki wamekusanyika. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo mshindo unasafiri ndani yake kwa nguvu kubwa. Samaki mwenye kifuko cha hewa tumboni anapasukwa nacho. Changu, tasi, pono, wakubwa kwa vichanga, wote wanapigwa mara moja. Wengine wanaelea na kuokotwa. Wengi wanazama na kuoza chini bila kumfaa mtu. Matumbawe yaliyo karibu na mlipuko yanabaki kifusi. Mrushaji mwenyewe, utambi ukimwahi, hupoteza mkono au uhai.

Hapa ndipo maelezo ya Super Mario Bros. yanapopata uzito ambao watunzi wake hawakuukusudia. Kijitabu kilichouzwa pamoja na gemu hiyo kilieleza kwamba wakazi wapole wa ufalme wa uyoga walirogwa, wakageuzwa mawe, matofali na majani. Kwa hiyo baadhi ya vile vizuizi vya udongo, kwa mujibu wa hadithi, ni watu. Wachezaji wengi hawakukisoma kijitabu, wakapasua matofali miaka nenda rudi. Tumbawe nalo linaonekana jiwe, linakwaruza kama jiwe, wala halikimbii likiguswa. Ni wanyama. Maelfu ya wanyama wadogo wenye miili laini wamekaa pamoja, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa, kizazi juu ya kizazi. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Yale ya matawi hukua haraka zaidi, mengine hufikia sentimita kumi. Jabali la tumbawe lenye kimo cha mtu mzima lilianza kujengwa kabla babu wa mvuvi hajazaliwa.

Kurudi kwake pia kuna masharti. Watoto wa matumbawe huelea majini wakitafuta mahali pagumu pa kujishikiza. Kifusi cha baruti si mahali pagumu. Mawimbi ya kusi yanakibiringisha, tumbawe changa lililojishikiza jana linapinduliwa leo na kufa. Ndiyo maana eneo lililopigwa sana linaweza kukaa miongo mingi likiwa uwanja wa vipande vya kijivu, hata kama hakuna anayelipiga tena. Joto la bahari linaongeza mzigo: mwaka 1998 El Niño ilipausha na kuua matumbawe katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi magharibi, pwani ya Tanzania ikiwemo. Mwamba mzima hupigania kupona; mwamba uliosagwa hauna pa kuanzia.

Na mwamba huo ni ngome, ileile iliyoko mbele ya mchezaji wa Space Invaders. Wimbi linalotoka bahari kuu linavunjika juu ya matumbawe na kufika ufukweni likiwa limepungua nguvu. Ukuta ukimegwa, wimbi linakuja na nguvu zake kwenye mchanga, kwenye mikoko, kwenye minazi iliyopandwa karibu na maji na kwenye sehemu za kuegeshea vyombo. Aliyerusha baruti anaishi kwenye ufuo huohuo.

Kwa hiyo baruti inayajibu yale maswali matatu vibaya yote. Haimpi mrushaji nafasi ya kutambua kilichomo; inapiga kwanza, inatazama baadaye. Inatoa zawadi ya asubuhi moja na kuondoa ya miaka. Na inaihesabia bahari msamaha ambao bahari haina.

Sheria haikuwa kimya. Uvuvi wa milipuko ulipigwa marufuku tangu Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, na ile ya mwaka 2003 ikakazia. Kilichopungua kwa muda mrefu ni mkono wa kuitekeleza na sababu ya mwanakijiji kuisimamia mwenyewe. Mwaka 1994 ilianza Programu ya Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani ya Tanga, iliyosaidiwa na shirika la uhifadhi la IUCN na serikali ya Ireland, na Kigombe kikawa miongoni mwa vijiji vya kwanza vya majaribio. Wanakijiji walikaa vikao wao wenyewe wakataja matatizo yao, baruti ikiwa mbele. Wakaunda kamati. Wakakubaliana baadhi ya miamba, ikiwemo Kitanga na Upangu, ifungwe isivuliwe ili ipumzike. Baadhi yao wakafundishwa kuzamia na kuhesabu samaki na matumbawe, ili uamuzi wa kufunga au kufungua utokane na kilichoonekana chini ya maji. Doria zikafanywa kwa kushirikiana na Jeshi la Wanamaji. Kwa miaka kadhaa mishindo ilipungua sana.

Ikarudi. Katikati ya miaka ya 2000 baruti ilisikika tena Tanga na kwingineko, vilipuzi vikivuja kutoka migodini na machimbo ya mawe au vikitengenezwa kienyeji kwa mbolea. Wakati huohuo bahari hii ilikuwa imeushangaza ulimwengu: kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga, wa Kigombe wakiwemo, walinasa kwenye majarife yaliyotegwa maji marefu samaki aitwaye silikanti, wa ukoo wa kale ambao wanasayansi waliudhania umetoweka pamoja na madinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye eneo la kilomita za mraba 552 za maji na nchi kavu, na bahari ya Kigombe imo ndani yake.

Ushahidi wa baruti ulio wazi kuliko wote uliletwa na sauti. Mwezi Machi na Aprili mwaka 2015 watafiti waliipitia pwani yote ya Tanzania kwa chombo kilichokokota maikrofoni za chini ya maji. Katika saa 231 za kurekodi walithibitisha milipuko 318. Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na palipozidi ilikaribia milipuko kumi kwa saa, lakini hakuna mkoa wa pwani uliosalimika. Miaka iliyofuata, kikosi kazi cha pamoja cha vyombo vya serikali kilifuata mnyororo mzima, kuanzia chanzo cha vilipuzi hadi soko la samaki, na mishindo ikapungua kwa kiasi kikubwa.

Gemu nazo zimeanza kulitazama tumbawe. Mwaka 2018 Minecraft ilipata toleo jipya la bahari lenye aina tano za matumbawe ya rangi. Tumbawe hilo likitolewa majini linageuka kijivu na kufa. Mchezaji akilivunja bila chombo chenye uwezo maalumu, hapati tumbawe lililo hai. Mwaka huo watengenezaji waliwaalika wachezaji wajenge miamba chini ya bahari ya gemu, na wakatoa dola 100,000 kwa shirika la uhifadhi The Nature Conservancy. Ni hatua njema kabisa. Lakini katika gemu hiyohiyo, baruti ikilipuka ndani ya maji haivunji tofali hata moja. Mamilioni ya watoto wamejifunza humo kwamba maji huzima nguvu ya mlipuko, kinyume kabisa na kinachotokea Kigombe.

Kasoro hiyo haipaswi kumaliziwa kwa kulaumu gemu. Inaonyesha nafasi iliyo wazi, na wanaofaa kuijaza ni vijana wa pwani hii. Mtoto wa Kigombe anajua bamvua na maji mafu, anajua dema linategwa wapi, anajua rangi ya maji juu ya mwamba na rangi yake juu ya mchanga. Mbunifu aliyeko Kyoto au Stockholm hana elimu hiyo. Vifaa vya kuanzia kutengeneza gemu ni vya bure: Scratch, iliyotengenezwa kwenye chuo cha MIT kwa ajili ya watoto na inayotumika hata kwa Kiswahili, na Godot kwa waliokwisha kukomaa. Hata kabla ya kompyuta kuna daftari la hesabu lenye miraba, maana Super Mario Bros. nayo ilianzia kwenye karatasi za namna hiyo.

Gemu ya mwamba wa Kigombe isikose vitu vya kuvunja, la sivyo hakuna atakayeicheza. Viwepo vizuizi vinavyostahili kuvunjwa: nyavu zilizotelekezwa na kunasa kwenye matumbawe, ambazo mchezaji azikate kabla hazijamnyonga kasa, madema mabovu yanayoendelea kunasa samaki bila mwenyewe, maboksi na takataka zilizoziba mkondo wa mikoko. Hivyo vikatwe, vipasuke, vitoe alama na mlio mtamu. Tumbawe nalo liwe tofali linalovunjika kweli, maana baharini linavunjika kweli. Lakini likiguswa vibaya ligeuke kijivu, na pono waliokuwa wakilizunguka wahame. Mlio wake uwe tofauti, ili mchezaji aliye makini asikie kabla hajaona. Hatua chache mbele, ufuo uliokuwa shwari upigwe na mawimbi makubwa kwa kadiri ya ngome iliyomegwa nyuma. Na mchezaji aweze kuufunga mwamba kwa muda, akavue kwingine, kisha arudi aone samaki wameongezeka, kama kamati za vijiji zilivyokusudia kwa Kitanga na Upangu.

Linabaki jambo moja ambalo wabunifu hao vijana watalazimika kuliamua mapema, kabla ya kuchora mraba wa pili. Kwenye simu moja hucheza watu wengi: kaka, dada, jirani, mwana wa mjomba aliyekuja likizo kutoka Muheza mjini. Anapoanza mchezaji mpya, je, mwamba uliosagwa na aliyemtangulia urudi mzima, kama Mario anavyorudishiwa matofali yake? Usirudi. Aukute kama ulivyoachwa, na kwenye skrini ya mwanzo aonyeshwe miamba mingapi bado iko hai na mingapi imebaki kifusi, ndipo aiteremshe ngalawa yake majini.